Shamba la Nyaga Lina Mwenyewe

Mikinduri, Meru

Mama yangu mpendwa,

Habari za Kanja? Ule mguu umepoa? Mahindi yamesimama, au mvua imewadanganya tena? Sisi huku ni wazima, mimi na mume wangu Mwiti na watoto, na mama mkwe anasema nikusalimu sasa hivi kabla sijasahau, kwa jinsi ninavyorukaruka leo. Muthoni, mdogo wangu unayemsomea mama, mwambie kwanza aketi. Ameketi? Basi soma kwa sauti.

Mama, Nyaga yu hai! Mwanao yu hai, anakula, anacheka. Futa machozi.

Siku ya soko nilikuwa nimetandaza maharagwe yangu, akaja kijana mmoja muuza miraa, amekonda, anaitwa Kirimi. Akaniuliza, "Wewe ndiye yule wa Embu, mke wa Mwiti?" Niliogopa, nikadhani ni mambo ya pasi, kwamba natembea bila kibali. Akasema, "Nimetoka kizuizini juzi, kwenye kambi za serikali. Ndugu yako Nyaga aliniambia nikifika nyumbani nikutafute." Mama, maharagwe yalimwagika yote wala sikuyaangalia! Kumbe Nyaga aliugua, akahamishwa kambi akiwa hajiwezi, na wale waliobaki nyuma wakadhani amekufa, ndiyo habari iliyotufikia. Kirimi alimkuta huko kambi ya pili, amepona, wakawa wanachimba mtaro pamoja.

Kabla sijapata karatasi ya kukuandikia, kesho yake nikamwona kaka Njeru mlangoni, ana pasi ya chifu na kibuyu cha asali. Unajua mambo yalivyo tangu Baba afe: yeye anasema ni mwana wa mama mkubwa, mke wa kwanza wa Baba, kwa hiyo msimamizi wa mali yote ni yeye, nawe ukaapa hatakanyaga kwako. Alikunywa chai hadi ikaisha ndipo akasema.

"Wazee wa kamati wanaanza kupima mashamba. Kila kipande kinaandikwa jina. Wanataka neno kutoka nyumba yenu, na mama yako hataki hata kuniona. Wewe anakusikiliza. Mwambie akubali shamba lote la Baba liandikwe jina langu."

Nilitaka kumtupia ile habari usoni, lakini nikajizuia. Nilitaka kwanza kuusikia moyo wake.

"Na sehemu ya Nyaga?"

"Nyaga alikufa, Ciarunji. Tujidanganye mpaka lini? Kipande kisicho na mtu kitachukuliwa."

"Nani alimzika?"

Akakizungusha kikombe chake kitupu.

"Na mama yangu atalima wapi?"

"Nitamwachia mahali."

"Utamwachia! Kwani yeye ni mgeni?"

Tulipigiana kelele mpaka mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mwiti aliinuka. Alivaa koti, akatoka, akarudi na Kirimi.

Kirimi hakumjua Njeru. Mwiti alimwambia tu, "Mweleze mgeni wetu habari za Nyaga." Akaanza: lile kovu la panga gotini, kile kicheko cha puani. Njeru alikuwa ameganda na kikombe mkononi. Kisha Kirimi akasema, "Wengine tulikuwa tukilia kwamba mashamba yetu yataliwa. Nyaga alikuwa akitucheka. Anasema, 'Langu liko. Nina kaka nyumbani, anaitwa Njeru. Nikiwa mdogo alinibeba mgongoni tukavuka mto umefurika. Huyo hawezi kuniangusha.'"

Mama, hata kaburini kwa Baba, Njeru hakulia. Lakini siku hiyo alitoka mbio, tukamsikia migombani akilia kama mtoto. Nikataka kumfuata, mama mkwe akanishika. "Mwache, yamtoke."

Aliporudi, alimwuliza Kirimi, "Ni kweli yu hai?"

"Nimekula naye sahani moja."

Ndipo Njeru akanigeukia. "Niliposema kipande kitapotea, sikukudanganya. Lakini pia nilikitamani. Ndicho chenye maji." Akaapa mbele yetu sote kwamba atawaambia wazee yeye mwenyewe: cha juu ni chake, cha mtoni ni cha Nyaga, nawe ukilime mpaka mwanao arudi. Mama, nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza ni nani amezaa!

Nisalimie shangazi Wambeti, aliyelia nasi. Msalimie na mjomba Ireri kule Ishiara, umwambie yule mbuzi wa matanga ya Nyaga amrudishe zizini. Na watoto wa Njeru pia wasalimie, ni wetu.

Nilimwambia Njeru aje akwambie haya kwa mdomo wake. Akasema, "Hataniamini. Wewe andika, mimi nibebe." Kwa hiyo aliyempa Muthoni barua hii ndiye huyo aliye nje, amejifunika kofia yake usoni. Ametoka mbali na najua hajala. Mama, mfungulie mlango.

Ni mimi binti yako ninayekuwaza kila niwashapo moto,

Ciarunji