Chuma Ziwani

Adwoa, leo Jumamosi, 11 Januari, vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, limefunika ziwa tangu alfajiri. Dada, nimeaibika.

Nilitaka picha ya kiangazi kwa ajili ya darasa langu la jioni la upigaji picha. Nikasimamisha stendi ya kamera majini, nikafumba macho kuiombea.

Stendi ya chuma. Mimi, mzaliwa wa hapa, ambako chuma ni mwiko na wavuvi hawaingizi ziwani hata msumari.

Mzee Opong, mkubwa wa wavuvi, akaniuliza, "Serwaa, ziwa limekukosea nini?"

Nikasema nilikuwa nasali.

"Ungesali macho wazi ungekiona chuma chako."

Wavuvi wakanipiga marufuku ufukweni, na darasa bado linadai picha ya masika. Hii ya leo ni vumbi tupu.

Nikawaomba radhi ili waniondolee marufuku, nikaahidi mbele ya wote, wafua nguo wakicheka: "Masika nitakuja na stendi ya miguu ya mti."