Shafti ya marehemu kaka yangu ni fupi, na baba hataki kuipima

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana jambo hili limenikaa kooni na sijui nilimeze au nilitapike. Mimi ni binti wa fundi magari, nami mwenyewe ni fundi, na naendesha gari la mashindano ya njia ya vumbi ambalo tumeliunda wenyewe hapo gereji, mimi na baba, tangu fremu mpaka bodi, na sasa limebaki kitu kimoja tu, shafti ya propela, yaani lile bomba refu linalopita chini ya gari kutoka kwenye giaboksi kupeleka nguvu kwenye difu la nyuma linalozungusha magurudumu. Wenzangu wa mbio wananiambia nichukue ya alumini kwa kuwa ni nyepesi na gari linachomoka haraka, muuza vipuri ananiambia ya chuma ndiyo inayovumilia mawe, nikawa nababaika hapo katikati, kumbe baba ameshachagua.

Mshauri, amechagua ya marehemu kaka yangu. Kaka naye alikuwa akiunda gari lake, akaugua figo kabla halijakimbia hata mara moja, akalazwa, hakurudi. Gari liliuzwa, lakini baba aliitoa shafti kwanza, akaifunga kwa shuka na kuiweka chini ya kitanda chake, na tangu mazishi mzee wangu amekuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana" tu, mpaka asubuhi moja alipokuja gereji na shafti hiyo begani, ameing'arisha, anapiga mluzi. Akasema, "Mwanangu, hii ndiyo itakayokwenda. Kaka yako naye atakimbia." Nililia palepale, nikamshikia taa akaifunga.

Tatizo ni kwamba gari la kaka lilikuwa fupi kuliko langu. Likiwa limesimama, shafti inaonekana imeingia, lakini baba alipokwenda kunywa chai nililiinua kwa jeki, magurudumu ya nyuma yakaning'inia kama gari linaporuka shimo, nikaona shafti imebaki kuishika giaboksi kwa ncha tu. Ikichomoka nikiwa kasi itadondoka na kuchimba ardhi, na gari litapinduka nami ndani. Na baba huyu hajawahi kukata hata kipande cha bomba bila kupima, anapima, anataja namba kwa sauti nami narudia, ndivyo alivyotufundisha mimi na kaka, lakini hii hakuipima, na nilipotaka kupima mimi, futi ya kupimia haikuwepo kwenye msumari inapotundikwa, nikaja kuiona mfukoni mwa koti lake. Nilipomweleza mama akasema, "Usimuue baba yako mara ya pili. Tafuta nyingine, ipake rangi ileile, macho yake siku hizi hayaoni vizuri." Nami nawaza labda niiache tu, niendeshe polepole siku hiyo moja ya mashindano, mzee afurahi. Nifanyeje?

Binti wa Fundi

Binti, pole. Pole ya kaka, na pole ya baba uliyeanza kumpata tena. Nimekuonea huruma, kisha nikafika pale pa "polepole" nikakasirika.

Polepole, kwenye mashindano? Usinichekeshe kwenye msiba. Bendera ikishashuka hutamkumbuka mzee wala mimi, utawaona waliokutangulia tu. Na mama yako namheshimu, anamwonea huruma mumewe, lakini rangi hapana. Mtu aliyelala juu ya shafti ile ataijua hata kwa kuigusa. Na asipoijua ndiyo mbaya zaidi, atasimama pembeni ya uwanja akimshangilia mwanawe, nanyi wawili mtashindwa kumtazama usoni.

Kuhusu alumini na chuma, nimemuuliza fundi ninayemwamini, wala hakufikiri sana. Kwenye mawe chukua ya chuma, maana ya alumini ikibonyea inatetemeka na mwisho inakatika. Ipimiwe gari lako likiwa juu ya magurudumu yake na wewe umekaa kwenye kiti, kisha mhakikishe bado inashika vizuri magurudumu yakining'inia. Na chini yake, karibu na giaboksi, fungeni kitanzi cha chuma cha kuidaka ikikatika, isiguse ardhi wala miguu yako. Hicho kitanzi si cha kujadili.

Sasa nikuonyeshe ulichokiandika mwenyewe ukakipita. Futi ilikuwa mfukoni mwake. Baba yako hakusahau kupima, aliogopa. Anajua ni fupi, na ameificha futi ili asiwe yeye wa kuitaja namba. Nawe unanyamaza ili usiwe wewe. Mtanyamaziana mpaka gari lipinduke?

Fanya hivi, na ufanye kesho. Liinue gari tena, magurudumu yaning'inie, umwite. Usimhubirie, na neno "fupi" lisitoke kinywani mwako. Mwambie, "Baba, naomba futi tupime." Ushike ncha moja, yeye ashike nyingine, ataje namba nawe urudie kama mlivyozoea. Pengine atalia. Mwache alie, kaa naye hapo sakafuni. Shafti ya kaka yako irudi kwenye shuka lake. Ile mpya aipime yeye, aifunge yeye, na kitanzi akichomelee yeye.

Mzee huyu alikaa kando ya kitanda cha hospitali akiwa na mikono ya fundi na bila cha kufanya kwa mwanawe. Kwako wewe kipo cha kufanya, na anakiweza. Usimnyime.