Jirani Amesoma Siri za Kazi Yangu Kupitia Waifai ya Nyumbani

Bi Arbia, assalamu aleikum. Nisaidie, maana nimefika mahali sijui nimwambie nani. Mimi ni mfasiri, nafanyia kazi nyumbani hapa Garissa, napokea maelezo ya wakimbizi wa Dadaab yaliyorekodiwa kwa Kisomali nayaandika kwa Kiingereza kwa ajili ya shirika fulani, na mwaka huu nilipojifungua tukaweka waifai, nikaunganisha ruta, printa, kompyuta yangu na ya mume wangu Korane, peke yangu, wallahi nilijiona fundi, na ili tusihangaike nikaacha mafaili yangu yote yaonekane kwenye mtandao wa nyumbani bila nywila, nikasema nyumba ni yetu, nani atachungulia? Lakini waifai nilikuwa nimempa jirani yangu Hinda, anayesomea ualimu mtandaoni, mtu aliyeniangalia siku zote arobaini za uzazi, ningemnyimaje?

Jumatatu akaja, akakaa, akaniuliza, "Abaayo, dada yangu, yule mama aliyemkimbia mumewe akiwa na watoto wawili, akajificha kwa binamu yake, alisaidiwa?"

Kesi hiyo niliifasiri wiki iliyopita. Nikamuuliza ameyatoa wapi.

"Kwenye kompyuta yako. Nilikuwa natafuta picha za harusi ya rafiki yetu Sahra."

"Umemwambia nani?"

Akainama. "Dada yangu Fartun tu." Na Fartun ana duka Dadaab!

Mume wa yule mama bado anamtafuta, aliapa atamuua. Mimi nilitia sahihi kwamba siri hizi hazitatoka kwangu. Nikiliambia shirika, nitafukuzwa, na nikinyamaza sijui nitakutana vipi na Mungu wangu. Nimezima ruta tangu jana. Je, inatosha?

Ilwad, Garissa

*

Ilwad dada yangu, haitoshi, na ndiyo sababu barua yako sikuiweka kwenye foleni. Nilikupigia simu papo hapo. Leo, wiki sita baadaye, naichapisha kwa ruhusa yako, nikiwa nimebadilisha majina na kila jambo linaloweza kumtambulisha yule mama.

Wasomaji wajue nilichokwambia: ukikata simu yangu, mpigie msimamizi wako. Ulilia. "Watanifukuza, Bi Arbia." Nikakujibu, huenda, lakini wewe utatafuta kazi nyingine, yeye atatafuta nini akipatikana?

Ukampigia. Msimamizi wako Hanad hakukukaripia, alitaka tu majina ya waliokwisha kusikia. Hinda naye akampigia Fartun mbele yako, akakuta habari imeshafika kwa wanawake wawili dukani. Kabla ya magharibi yule mama na wanawe walikuwa wamehamishiwa mahali pengine. Siku tatu baadaye mumewe alibisha kwa yule binamu. Alikuta nyumba tupu.

Ungesubiri ruhusa ya moyo wako, tungekuwa tunazungumza mengine leo.

Shirika limekusimamisha kazi na bado hujajua mwisho wake. Pole sana. Uliteleza, lakini ulisimama na kusema, na hilo si wengi wanaoliweza. Hata hivyo nitakugombeza kidogo: mtu akikukabidhi maisha yake kwenye faili, huliweki wazi kwa sababu unachoka kuandika nywila!

Sasa washa ruta uliyoizima hadi leo, uitengeneze. Badilisha kwanza ile nywila ya kuingilia mipangilio yake, iliyokuja imebandikwa chini ya ruta, maana kila aliyewahi kuigeuza ameiona. Kisha weka nywila mpya ya waifai, ndefu, isiyo jina la mtoto wala namba ya simu. Ruta ikikwambia kuna masasisho, yakubali. Kwenye kompyuta funga mafaili yote yasionekane na wengine. Printa peke yake ndiyo ibaki ya pamoja. Kazi ya shirika iwe na nywila yake, ambayo hata Korane haijui, na asinune. Halafu fungua mtandao wa wageni, karibu kila ruta inao. Humo mtu anapata intaneti bila kugusa kompyuta zenu.

Huo ndio wa Hinda. Uliniambia mnapishana mlangoni bila salamu. Alifungua kisicho chake na akasema yasiyosemwa, kweli, lakini mlango uliuacha wazi wewe, naye hakukwepa kumpigia dada yake. Muite, muombane radhi, umpe nywila ya wageni, na umwambie waziwazi kwamba ile nyingine hatapewa tena.