Alichokula Baka

Jumamosi, 10 Mei 2025

Nimempima Baka, fahali wetu, kwa tepu ya cherehani ya Mama, kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Sentimita 152! Januari alikuwa 139. Fahali wa Ami Ammar, anayefunguliwa kila asubuhi akajitafutie nyasi, ameongeza tatu tu. Mwalimu wa Kilimo ataipenda projekti hii.

Ami ananitania. Ati kwa watu sitoi neno, kumbe maneno yote naenda kumwaga bandani.

Lakini nilipoinama kusoma tepu Baka aliacha kutafuna. Akanitazama. Vile vile Bibi alivyonitazama nikisema uongo.

Jumanne, 13 Mei

Nilikuwa na miaka minne, homa ikanipanda kichwani. Sikumbuki, nimehadithiwa tu. Bibi Mwanamkisi akaweka nadhiri: nikipona, atachinja fahali siku ya Idi, nyama yote iende kwa maskini. Sisi tusionje hata ini.

Nikapona. Ila kila mwaka alikuwapo fahali mwembamba, ukame, mbavu nje. Bibi akasema hamtolei Mngu mifupa. Ndipo akazaliwa Baka, akamtaja mbele ya watu: ni huyu.

Desemba, akiwa kitandani, alinipa kamba ya Baka mkononi. "Kamba ni yako yeo. Mnoneshe, mwanangu." Siku ya pili akafa. Kwenye hitima Baba akaahidi: Idi hii, haipiti.

Kwa hiyo yule ng'ombe ni bei ya mimi kuwa hai. Nikimwaza hivyo siwezi kumgusa.

Jumapili, 18 Mei

Mahmud mchinjaji alikuja kumtazama. Akamshika shina la mkia, akabonyeza kwa vidole viwili, akacheka. Mafuta yamejaa. Akamweleza Baba kwamba ng'ombe wa kutembea nyama yake ngumu, mafuta manjano, lakini supu yake tamu. Wa kufungwa bandani ni laini, mafuta meupe. Kisha akasema nyama haifichi: aliwahi kumchinja aliyelishwa matumbo ya samaki, na nyumba nzima ikanuka pwani.

Wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nasikia kila neno.

Niandike basi. Machicha ya nazi, pumba za mahindi, mashudu — hivyo wote wanavijua. Cha nne hawakijui. Tangu Februari nachukua mavi ya kuku wa Ami, nayaanika, nayatwanga, nayaficha ndani ya machicha. Niliona kwenye simu. Protini ya bure! Najiambia ni kwa ajili ya Bibi. Uongo. Nilitaka namba zipande.

Jumatatu, 19 Mei

Madrasa leo ni hukumu za kuchinja, maana Idi inakaribia. Ustadh Harith akafika kwa mnyama aliyezoea kula uchafu mpaka nyama na jasho lake vikageuka harufu. Huyo hulishwa chakula safi kwanza. Kuku siku tatu. Ng'ombe thelathini.

Nilihesabu chini ya buibui, kwa vidole. Hadi Idi zimebaki kumi na nane.

Nimeacha kumpa. Baka anapekua machicha kwa pua, anakitafuta. Pumzi zake zanuka banda la kuku. Au ni mimi nanusa dhambi yangu?

Nilimuuliza Baba, kama mtu anayeuliza tu, kwani hawezi kuchinjwa mwingine. Akasema aliyetajwa kwa nadhiri ni huyo huyo, habadilishwi. Akauliza kwani vipi. Nikasema hakuna.

Alhamisi, 22 Mei

Mama kapika mchuzi wa nyama. Sikuweza kula.

Mchana nilisikia kikohozi cha Bibi bandani. Kile chake, viwili halafu kimya. Nikaenda. Baka peke yake.

Baba ameandika majina ya watakaopewa. Wa kwanza Bi Thuwaiba na wanawe watatu. Hawajala nyama tangu Idi iliyopita. Watakula hii, na watamuombea Bibi.

Jumamosi, 24 Mei

Wako dakani, kwenye baraza ya nje ya mlango: Baba, Ami, Mahmud, na Ustadh Harith amepita kusalimia. Mahmud ana madume wawili, anataka kuwalisha kama nilivyomlisha Baka. Baba kanipigia sauti, nitaje vyakula vyake mbele ya wageni. Anajivuna. Sijamsikia na sauti ile tangu Bibi afe.

Sikutoka. Nikaandika vyote vinne kwenye karatasi, nikaikunja, nikaiweka chini ya birika, nikasukuma sinia la kahawa mpaka kizingitini. Sasa niko ndani, mgongo ukutani, naandika haya huku nasikiliza.

Ami kamimina. Karatasi imeonekana. Ami anasema huyu mtoto hata chakula cha ng'ombe anakiandikia barua. Baba anasoma kwa sauti. Machicha ya nazi. Mahmud anasema naam. Pumba. Naam. Mashudu, kibaba kimoja.

Cha nne, anasoma Baba, kisha anaisogeza karatasi karibu na macho.

Mahmud anauliza, "Na cha nne?"