Kifungo cha Malkia wa Temeke

Somo yangu Bi Mwanahawa,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii tena, lakini toka uliponifunda nimezoea kuanzia hapo, na kwingine sikujui.

Mie mzima, watoto wazima. Lile paa la jikoni ulilokuwa ukinisimangia kila ukija limeezekwa upya, halivuji. Arobaini yako ilipita vizuri, wali ulitosha mpaka wa kubeba. Bado nakulilia, hasa asubuhi nikichuja tui, maana ndipo ulipokuwa ukichungulia mlangoni kutaka kuonja. Ila leo nimekuja na habari ya kukufurahisha.

Unakumbuka mwaka ule Waingereza walipomvika taji malkia wao, sie wa Temeke tukamvua wetu? Miaka yote wewe ndiwe uliyekuwa malkia wa chama chetu cha ngoma ya lelemama, na mwavuli wako, na kiti chako cha enzi. Mwenzetu Bi Tatu akasimama uwanjani akasema mambo ya malkia yamepitwa, chama kichague mwenyekiti. Mikono ikanyooshwa, akachaguliwa yeye. Nilitaka kumrarua. Wewe ukacheka, ukajitwika kiti kichwani, ukaenda nacho kwako. "Nitakikalia nikichambua mchicha," ukasema.

Nishani lakini ilibaki. Ile ya kitambaa chekundu, katikati kifungo cha shaba cha koti la marehemu mumeo, askari wa Mjerumani. Kaisa, mfalme wao, alikwisha kukimbia zamani, kifungo kikadumu. Kila Idi ulimbandika begani mwenzetu aliyehudumia mgonjwa au msiba bila kuitwa, naye akaivaa mwaka mzima, na penye sinia akanawishwa wa kwanza. Hata ulipovuliwa umalkia tulikuomba uendelee kubandika. Bi Tatu akanuna tu. Idi ile ya mwisho ulinibandika mie. Kisha ukatutoka.

Basi ikawa mtihani. Malkia hakuna, mkono wa kubandika hakuna. Wengine wakasema ifungwe sandukuni kwa heshima yako. Wengine wakasema abandike mwenyekiti, na Bi Tatu mwenyewe akakataa: "Ya malkia siigusi." Niliogopa, somo. Niliona mie ndiye nitakayekuwa wa mwisho, kitu chako kifie begani mwangu.

Nikawa nakumbuka ulivyougua. Siku moja nilikuja nikamkuta Bi Tatu uani kwako, kajifunga kibwebwe, anafua mashuka yako. Hakuna aliyemwita. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Hata ile siku yenyewe, tulikuosha mie na yeye. Alikuwa akikumiminia maji polepole, kama anayeogopa kukuamsha.

Juzi Idi, chama kizima kikiwa mkekani, nikasimama. Nikawaambia nishani hii haikuwa ya kiti, maana kiti tulikiona wenyewe kikienda kwenye mchicha na nishani ikabaki kazini. Wakacheka. Nikasema toka leo aliyeivaa ndiye atakayembandika anayefuata. Wakakubali wote, hata Bi Mwajuma asiyekubali kitu. Nikaivua, nikamwendea Bi Tatu.

Akarudi nyuma. "Mie ndiye niliyemvua," akasema.

"Nawe ndiwe uliyemwosha," nikamjibu.

Akainama. Kisha akanipa bega. Birika la kunawa lilipoletwa likaanzia kwake. Nilifurahi, somo, nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Kiti chako ninacho mie, na mchicha nachambulia hapohapo. Lala salama, mama. Nakuahidi kwamba maadamu mie ni hai, hapa Temeke kile kifungo hakitakosa bega. Na Idi ijayo Bi Tatu ndiye atakayebandika, kwa mkono uleule uliokumiminia maji.

Mwari wako,
Zena