Siku Niliyotazama Mlango

Bigwa, Morogoro

Mwanangu Angelina,

Naandika kwa kalamu nene, maana simu zangu hupokei. Huku mvua imekaa vizuri, mahindi yamenyanyuka, na yule kuku wako mweupe ameangua vifaranga. Baba yako hajambo, analalamika magoti tu.

Siku ile ulipomleta Mustansir kumtambulisha, aliniamkia shikamoo, nami nikamwitikia huku nimetazama mlango. Ukaona nimemkataa kwa sababu ya dini yake, mkaondoka na chai hamjaigusa. Mwanangu, nilitazama mlango ili nimwone. Nikimtazama mtu usoni, uso wake unafutika, linabaki doa. Nikigeuza shingo ndipo namwona kidogo, kwa pembeni. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka mkwe aanze kwa kunihurumia.

Daktari wa macho anasema ni uzee. Protini na mafuta vimejirundika nyuma ya jicho, pale pa kuonea kilicho mbele pakaharibika. Miwani haisaidii.

Shangazi yako ameniletea picha ya harusi uliyomtumia. Nimeisogeza dirishani, nikaigeuza huku na huku. Nimeona maua, nimeona na mkono wa Mustansir begani kwako. Uso wako sikuuona.

Milima bado naiona, kwa ukubwa wake. Njooni, mkae karibu nami. Mkiona nimetazama mlango, mjue nawatazama ninyi.

Ni mimi mama yako,
Editha