Tuta la Watu Wawili

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Puh! Ndivyo lilivyolia bonge la udongo ulipolipindua nilipokuja kukusalimia mwaka jana, majani yakalalia majani, na mlio huo haujanitoka masikioni. Unaendeleaje? Mgongo je? Mimi mzima. Mwenye nyumba kaniachia kipande chenye nyasi nyuma ya chumba changu, nami nikajitia kutengeneza tuta la viazi kama lako. Nilichimba, nikapindua, nikajisifu. Sasa tuta limeota nywele! Nimekosea wapi? Na wewe umeshaanza kupindua?

Binti yako

16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, hauniachi hata nikiufukuza. Nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza kulikoni. Msomi mzima! Ulipindua peke yako, sivyo? Lile ni tuta la watu wawili. Viazi unavilaza juu ya nyasi, halafu mmoja anasimama huku, mwingine kule. Kila mtu anakata bonge upande wake, mnayapindua kwa pamoja, yanakutana katikati na kushikana. Ukiwa peke yako, ukizunguka upande wa pili, la kwanza limeshateleza, majani yamepata hewa na kuota tena.

Mwenzangu wa kupindua, mke wa fundi cherehani, amehamia kwa mwanawe. Plau haipandi mteremko wa shamba langu. Mvua ikinikuta hivi, mwaka huu sipandi. Usijali, ardhi nayo ipumzike.

Shangazi yako

24 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Natumai hujambo, ingawa barua yako haikunidanganya. Ardhi ipumzike? Wewe unayenuna ukila kiazi cha kununua! Nilicheka, kisha nikajikuta nafuta machozi, na sikujua nimlaumu nani. Nikatoka nje, nikalitazama tuta langu lenye nywele kwa muda mrefu. Niliporudi ndani nilikuwa naimba.

Wenzangu wa kazini, maktabani, wakauliza likizo naipeleka wapi. Nikawaambia, kusimama upande wa pili wa tuta. Mmoja kanishika paji la uso: "Dada, una homa?"

Likizo nimeshachukua. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi ikutangulie, usije ukashtuka. Mimi nimekata tiketi ya basi la mchana. Niko stendi, jembe nimelifunga kwa gunia, nimelikalia.

Binti yako